Miaka Kumi Baada ya Kuvunjika Mgongo: Kwa Nini Ganzi Inaweza Kupanda Juu

Mtu aliyepooza miguu akisema kwamba vidole vya mkono vimeanza kufa ganzi, jibu analopewa nyumbani, na wakati mwingine hata kwenye zahanati, huwa fupi: "Si ndiyo ugonjwa wako huo?" Hakuna anayesema hivyo kwa ubaya. Watu wanaamini kwamba kupooza ni kupooza, na kwamba mgongo ukishavunjika, kila baya litakalofuata mwilini limetoka kwenye kapu lilelile. Imani hiyo imewagharimu watu mikono yao.

Madaktari wa mgongo wanajua jambo ambalo halijafika vizuri kwa familia: jeraha la ugwe wa mgongo, lile shina la neva lililo ndani ya uti wa mgongo, likishatulia, halitakiwi kuzidi lenyewe. Wiki na miezi ya mwanzo hali hubadilika sana. Uvimbe hupungua, baadhi ya neva huamka, wengine hurudiwa na hisia au nguvu kidogo. Nafuu kubwa hupatikana katika miezi sita ya kwanza, kisha kasi hufifia kadiri mwaka wa kwanza na wa pili unavyopita. Baada ya hapo, mpaka kati ya sehemu ya mwili inayohisi na ile isiyohisi hukaa palepale. Mpaka huo ukianza kupanda juu miaka mitano, kumi au ishirini baadaye, kuna ugonjwa mpya. Una jina, una sababu, na mara nyingi una tiba, ilimradi utafutwe mapema.

Sizungumzii hapa vidonda vya mgandamizo wala maambukizi ya njia ya mkojo. Hayo kila anayemuuguza mtu aliyepooza ameshaonywa, na ilikuwa haki aonywe, maana yameua wengi. Nazungumzia mgongo wenyewe, ambao watu wakishatoka hospitali huuhesabu kuwa ni habari iliyokwisha.

Sababu mojawapo ya magonjwa haya kutojulikana ni kwamba zamani hakuna aliyeishi muda wa kutosha kuyapata. Mpaka Vita vya Pili vya Dunia, askari aliyevunjika mgongo na kupooza kwa kawaida alikufa ndani ya muda mfupi kwa vidonda na figo. Mabadiliko makubwa yalikuja Uingereza mwaka 1944, pale daktari Ludwig Guttmann, mkimbizi kutoka Ujerumani, alipofungua wodi ya majeraha ya mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Aliwageuza wagonjwa kitandani kila baada ya saa chache, akawalinda na maambukizi ya mkojo, akawapa mazoezi na michezo. Mashindano aliyoyaanzisha hapo mwaka 1948 ndiyo chimbuko la Paralimpiki. Watu walianza kuishi miongo mingi baada ya ajali, na hapo ndipo mgongo ulipopata nafasi ya kuonyesha matatizo yake ya uzeeni. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na jeraha la ugwe wa mgongo. Afrika Mashariki wengi wao ni vijana: walioanguka na bodaboda, waliodondoka kwenye mnazi, mwembe au mkarafuu, walioporomokewa na kifusi machimboni. Kijana wa miaka 22 ana miaka mingi mbele yake ya kuishi na mgongo huo.

Maji yasiyopata njia

Uti wa mgongo una pingili 33, na katikati yake kuna mfereji unaopitisha ugwe, yaani shina la neva linaloshuka kutoka kwenye ubongo. Ugwe huo una unene unaokaribia wa kidole kidogo cha mkono, na kwa mtu mzima huishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Umezungukwa na utando, na kati ya utando na ugwe kuna maji, yaleyale ambayo hospitali huyavuta kwa sindano wakipima homa ya uti wa mgongo. Maji hayo hayakai kimya. Kila pigo la moyo na kila pumzi huyasukuma juu na chini.

Ugwe ukipondwa kwenye ajali, mahali pa jeraha hubaki kovu. Kovu hilo linaweza kuugandisha ugwe kwenye utando wake na kuziba njia ya maji. Mto ukizibwa na gogo, maji hulazimisha njia ukingoni. Hapa maji hujipenyeza ndani ya ugwe wenyewe, na kidogo kidogo tundu lililojaa maji hutengenezwa katikati yake. Tundu hilo huweza kurefuka kwenda juu, pingili baada ya pingili, likiharibu neva ambazo ajali ilizisalimisha. Ugonjwa huu unaitwa siringomielia. Tafiti za MRI, kipimo kinachopiga picha ya ndani ya mwili kwa sumaku, huonyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye jeraha la ugwe ana tundu la aina hii, lakini wanaopata dalili ni wachache zaidi, takriban asilimia tatu au nne. Unaweza kuanza miezi michache baada ya ajali, na umewahi kuanza baada ya miaka thelathini.

Dalili zake zina mpangilio wa kipekee, na mpangilio huo una maana. Nyuzi zinazobeba maumivu na joto huvuka kutoka upande mmoja wa ugwe kwenda wa pili kwa kupita katikati kabisa, pale pale tundu linapotanuka. Nyuzi za mguso wa kawaida hupita nyuma. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuhisi shati likimgusa begani, akatambua kwamba kuna kidole kinampapasa, na bado asijue kama sufuria aliyoishika ina moto. Mtu aliyepooza miguu tu ambaye ameanza kukutwa na malengelenge mkononi asiyojua ameungulia wapi anatakiwa kupimwa bila kusubiri.

Dalili inayotangulia mara nyingi zaidi ni maumivu: ya shingo, ya bega, ya mkono, au kwenye mkanda wa ngozi juu ya pale alipozoea kuhisi. Yana tabia ya kuzidi mtu akikohoa, akipiga chafya au akijikamua chooni, kwa sababu vitendo hivyo vyote hupandisha shinikizo la maji ndani ya mgongo. Wengine hutokwa jasho jingi upande mmoja wa uso au kifua. Wengine mikono hupungua nguvu, misuli ya viganja hukonda, kibofu kilichokuwa na utaratibu wake hubadilisha utaratibu. Mara chache kope moja hulegea na mboni ya jicho hilo huwa ndogo kuliko nyingine.

Ugumu ni kwamba mkono wa mtu anayetumia kiti mwendo una sababu nyingine za kufa ganzi. Anasukuma magurudumu kutwa nzima, anajiinua kwa viganja kila anapohama kutoka kitini kwenda kitandani, na neva inayopita kwenye kifundo cha mkono hubanwa. Hilo ni jambo la kawaida mno kwao. Ganzi ya kubanwa kifundoni hukaa zaidi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, na humwamsha mtu usiku. Shingo nayo huchakaa kwa umri na kazi, diski zake zikabana neva au ugwe. Hivyo ganzi mpya ya mkono ina washukiwa watatu: kifundo, shingo, na tundu la maji. Kuwatofautisha kunataka daktari apime hisia za joto na maumivu kwa utaratibu, kisha MRI ya ugwe kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Kumpa mgonjwa vidonge vya neva na kumwambia arudi baada ya miezi mitatu ni kumpa yule mshukiwa wa tatu muda wa kufanya kazi yake.

Tundu lisiloleta dalili, au lenye dalili ambazo hazisogei, huangaliwa tu kwa vipimo vya kurudia. Likiwa linazidi, upasuaji hulenga kukata makovu yanayoukaba ugwe na kupanua utando ili maji yapite tena, au kuweka mrija mdogo wa kuyatoa tunduni, ingawa mrija huo unaweza kuziba baadaye. Mgonjwa aelezwe ukweli kabla ya kusaini: upasuaji unafanikiwa zaidi katika kuzuia hali isiendelee kuharibika kuliko katika kurudisha kilichokwisha kupotea. Maumivu mara nyingi hupungua. Nguvu ya kiganja kilichokonda miaka mitatu haina ahadi. Hapo ndipo uzito wa kuwahi ulipo.

Mgongo unaovunjika bila kuuma

Mwaka 1868 daktari wa Paris, Jean-Martin Charcot, aliandika juu ya wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imeharibu neva zao za hisia na ambao viungo vyao vikubwa vilikuwa vikisambaratika pasipo maumivu. Viungo vya aina hiyo hubeba jina lake hadi leo. Mgongo ulio chini ya jeraha la ugwe unaweza kupatwa na jambo hilohilo.

Maumivu ni ulinzi. Mtu mzima wa afya akikaa vibaya, kiuno humuuma akajigeuza. Akitegua kitu, huacha kubeba mizigo mpaka kipone. Chini ya jeraha ulinzi huo haupo. Mtu hujipinda, hujiinua, huzungusha kiwiliwili mara mia kwa siku, na diski au kifundo kimoja cha pingili kikianza kuumia hakuna anayemwambia. Majeraha madogo hujirundika. Mfupa humomonyoka upande mmoja na kujijaza mabonge upande mwingine, mpaka pingili mbili zinaanza kucheza mahali ambapo hapakuwa na kiungo. Kwa kawaida huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi. Wanaokumbwa zaidi ni wale wenye shughuli nyingi kwenye kiti mwendo na waliofungwa vyuma virefu, maana sehemu ngumu iliyofungwa hupeleka mzigo wote kwenye pingili za kwanza zilizo huru chini yake.

Kwa kuwa kiungo hicho kilichoharibika hakiumi, au kinauma kidogo tu, kinajulikana kwa njia nyingine. Mtu anasikia mlio wa kugongana au kusagika mgongoni anapojihamisha. Anaanza kuelemea upande, hawezi kukaa wima kama zamani bila kushika kitu. Kimo chake akiwa ameketi kinapungua, nguo inamkaa tofauti, uvimbe mgumu unajitokeza kiunoni.

Ipo dalili moja ambayo familia huisherehekea kimakosa. Watu wengi waliopooza huwa na mishtuko ya misuli: miguu inakakamaa au kurukaruka yenyewe. Mishtuko hiyo huendeshwa na sehemu ya ugwe iliyo hai chini ya jeraha. Ikitoweka ghafla, bila dawa mpya, nyumbani watasema miguu imetulia, Mungu ameanza kujibu. Inawezekana kumbe ni kiungo kilichoharibika kinachoibana ile sehemu ya chini ya ugwe na kuizima, na kibofu na haja kubwa navyo vitabadilika muda si mrefu. Kutulia kwa miguu iliyokuwa ikiruka miaka kumi ni sababu ya kwenda hospitali.

Kwetu kuna mtego wa ziada. Picha ya X-ray ya mgongo wa namna hii huonyesha pingili zilizoliwa na diski iliyopotea, na picha ya kifua kikuu cha mgongo nayo hufanana nayo. Kwa kuwa kifua kikuu ni kingi Afrika Mashariki, ni rahisi mgonjwa kuanzishiwa dawa za miezi mingi kwa picha peke yake. Kinyume chake pia hutokea: maambukizi halisi yakaachwa yakidhaniwa ni uchakavu. Homa, kupungua uzito na vipimo vya damu husaidia, lakini penye shaka kipande cha mfupa kinatakiwa kichukuliwe kwa sindano au upasuaji na kupimwa maabara. Ndugu wa mgonjwa wana haki ya kuuliza kama hilo limefanyika. Wakati huohuo asipelekwe kukandwa wala kuvutwa mgongo. Mgongo unaocheza bila hisia unaweza kuhama zaidi mikononi mwa mkandaji, na mgonjwa asiweze kumwambia aache.

Tiba ni kuufunga mgongo upya, mara nyingi kwa vyuma imara vinavyoshuka mpaka kwenye nyonga. Ni upasuaji mkubwa wenye hatari zake, na mtu aliyezoea kuinama kuvaa viatu mwenyewe anaweza kupoteza uwezo huo kwa kukakamazwa kiuno. Wengine wasiofaa kupasuliwa husaidiwa kwa mkanda mgumu wa kiwiliwili. Ni uamuzi wa kuongea na daktari kwa kirefu, na mtumiaji wa kiti mwendo awe msemaji mkuu, kwa kuwa yeye ndiye anayejua anaishije.

Watoto, vyuma na vibiongo

Mtoto aliyeumia ugwe kabla ya kubalehe yuko kwenye hatari ya aina yake. Mifupa yake bado inakua, na misuli iliyopooza haiwezi kuushikilia mgongo wima wakati unarefuka. Karibu watoto wote wa kundi hili hupinda mgongo upande mmoja. Mgongo ukipinda, nyonga huinama, uzito wote wa kukaa huangukia upande mmoja wa makalio na kidonda kinaanza hapo. Ukipinda sana, mapafu hukosa nafasi. Kwa hiyo mtoto huyo anahitaji kupigwa X-ray akiwa ameketi, mara kwa mara mpaka amalize kurefuka, na mkanda wa kiwiliwili huanzishwa wakati pindo likiwa bado dogo. Kumsubiri mpaka mama aone kwa macho kwamba bega moja limeshuka ni kuchelewa. Watoto waliozaliwa na mgongo wazi, hata wale walioshonwa wiki ya kwanza, wana tatizo la jirani: ugwe unaweza kunata kwenye kovu, na mtoto anaporefuka haraka ukavutwa. Mtoto aliyekuwa akitembea vizuri akianza kujikwaa, au aliyekwisha kuacha kujikojolea akianza kulowesha tena, apelekwe kwa daktari wa upasuaji wa neva.

Vyuma vina mambo yake. Kazi ya skrubu na fimbo ni kuushika mgongo mpaka mfupa uote na kuungana. Mfupa usipoungana, chuma hubaki kikibeba mzigo peke yake, kikachoka, na skrubu kulegea au fimbo kukatika, hata miaka mingi baadaye. Usaha nao unaweza kujitokeza kwa kuchelewa kwenye kovu lililokuwa limepona.

Na wale ambao hawakuwahi kufungwa vyuma, ambao ni wengi kwetu kwa sababu ya gharama, walilazwa chali wiki sita hadi kumi na mbili mpaka mfupa ushikane. Wengi huungana vizuri. Baadhi huungana na kibiongo, ambacho kikiendelea kuzidi huutandaza ugwe juu ya nundu yake. Mfereji uliobaki mwembamba na kibiongo kilichobaki ndivyo huongeza uwezekano wa lile tundu la maji nililolieleza.

Mifupa kupungua ubora nako kuna jambo lisilotarajiwa. Chini ya jeraha mifupa hupoteza madini haraka katika miaka miwili ya kwanza, lakini upungufu mkubwa uko karibu na goti, ambako mfupa wa paja au muundi huweza kuvunjika kwa kuteleza kidogo tu wakati wa kuhama kitini. Pingili za kiuno, kwa kuwa huendelea kubeba uzito wa kukaa, mara nyingi hupima vizuri. Kipimo cha kiuno kikisomeka sawa, goti haliwi limethibitishwa.

Shinikizo la damu linalopanda bila sababu

Waliojeruhiwa usawa wa pingili ya sita ya kifua au juu yake wana kengele ambayo mwili huipiga badala ya maumivu. Kitu kibaya kikitokea chini, shinikizo la damu hupanda ghafla: kichwa kinagonga vikali, uso unakuwa wa moto, jasho linatoka juu ya jeraha. Shinikizo la kawaida la watu hawa, ile namba ya juu, huwa kati ya 90 na 110 tu. Muuguzi asiyejua hilo akisoma 140 ataona ni sawa, wakati mgonjwa yuko hatarini. Kupanda kwa 20 au zaidi juu ya kawaida yake kunatosha kushtua. Mkalisheni wima, miguu ining'inie, legezeni nguo na mikanda, angalieni kama mpira wa mkojo umejikunja au kibofu kimejaa, kisha choo, kisha ngozi. Msimlaze, kwa kuwa kulala hupandisha zaidi. Isipotulia haraka, ni dharura ya hospitali, kwa sababu inaweza kuishia kwenye kiharusi. Lakini ikiwa inakuja kila akikaa na kutulia kila akilazwa, huenda ni mgongo unaocheza unaoichochea, na daktari aambiwe hivyo hasa, kwa maneno hayo.

Mengi ya haya yanategemea kujua hali ilivyokuwa jana. Siku ya kuruhusiwa hospitali, ombeni karatasi inayoonyesha kiwango cha jeraha, nguvu ya kila misuli mikuu na mpaka wa hisia, na muitunze pamoja na ripoti ya upasuaji. Nyumbani, mara mbili tatu kwa mwaka, ndugu anaweza kupitisha chupa ya maji baridi kwenye ngozi kuanzia tumboni kwenda mabegani na mikononi, na mwenyewe aseme baridi inaanzia wapi. Ikianzia juu kuliko safari iliyopita, msisubiri safari nyingine. Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, hospitali ya KCMC mjini Moshi, na hospitali ya taifa ya rufaa ya majeraha ya uti wa mgongo jijini Nairobi zina wataalamu wanaoyafahamu magonjwa haya. Hospitali ya wilaya inaweza kuandika rufaa. Na mwenye vyuma asikubali kuambiwa moja kwa moja kwamba hawezi kufanyiwa MRI. Vyuma vingi vya mgongo vya siku hizi ni vya titani, ambayo haizuii kipimo hicho ingawa hutia kivuli kwenye picha karibu na vyuma. Ile ripoti ya upasuaji ndiyo itakayomwambia fundi wa mashine ni chuma gani, kwa hiyo iende naye ndani ya bahasha, siyo ibaki kabatini nyumbani.